Jina Ambalo Muai Hakulitaja

Alikuwa akija saa nane mchana. Wafu wa watu wengine huja usiku, mbwa wakibweka; wa Muai alikuja jua likiwa kali, wakati mtaa wote wa stesheni mjini Trang umejilaza baada ya chakula na feni zinazunguka kwa uvivu. Kwanza ilitangulia harufu: mpira mbichi uliokamuliwa na kuanikwa, harufu ile inayoganda kwenye nywele za wagema na haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Kisha Muai akiinua macho kutoka kwenye bakuli lake la tambi, angemwona upande wa pili wa kaunta, amevaa shati la bluu la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye vifundo vya mikono. Hakuomba kitu. Hakutisha. Alisimama tu kama mteja anayesubiri aitwe.

Kengele ya mlango haikulia hata siku moja. Ndivyo Muai alivyojua kwamba si mteja.

Mambo haya yalidumu miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mume alikwishatangulia, mtoto hakujaliwa, na mji mzima ulimjua kama mfamasia makini kuliko wote. Wenzake waliuza vile vipakiti vya dawa mchanganyiko, vidonge vitano vya rangi tano, meza vyote upone. Yeye alivikataa toka siku ya kwanza aliyofungua duka. Mtu akija na kikohozi cha kawaida tu, Muai alimhoji kama askari wa forodha: umekula nini, unameza nini kingine, una mzio wa dawa gani? Akipata jibu aliliandika kwenye daftari lake jeusi. Watu walimtania kwamba kwa Muai ni rahisi kupata mchumba kuliko kupata kidonge. Laiti angekuwa mzembe! Mzembe hulala usingizi wake.

Yule wa shati la bluu alikuwa mgema mpira wa kijiji cha mtoni, jina lake Prachuap. Kwao walimwita Chuap. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa alishikwa na maumivu ya mshipa wa uso, yale yanayompiga mtu shavuni kama radi hata akinawa. Hospitali wakampa vidonge vyeupe vya mshipa. Wiki mbili baadaye akapata homa, midomo ikachubuka, ngozi ya kifuani ikaanza kuvimba malengelenge. Bahati yake daktari aliwahi kuvisimamisha. Wakampa kadi ya manjano yenye jina lake na jina la dawa, wakamwambia: kadi hii iwe mfukoni mwako mpaka uzikwe, na dawa hii usiiguse tena.

Mama yake, Niam, ndiye aliyekuja dukani siku zile kumnunulia mwanawe mafuta ya kupaka midomoni. Muai alimhoji kama kawaida yake. Akaandika kwenye daftari kwa mkono wake: Prachuap, mtoto wa Niam, kijiji cha mtoni, na jina la dawa, akapiga mstari chini mara mbili.

Mwaka uliofuata ukamwandama Chuap. Pikipiki ikamwangusha, upepo ukang'oa miti yake arobaini ya mpira, mchumba akaolewa Phuket. Niam akampeleka hekaluni. Mtawa akapiga hesabu za siku ya kuzaliwa akatikisa kichwa: jina hili na siku hii haviivi chungu kimoja. Basi wakaenda ofisi ya wilaya, akatoka huko anaitwa Thanakrit, Krit kwa kifupi. Ni jambo la kawaida. Katika kila nyumba ya Trang kuna mtu aliyevua jina akavaa jingine. Lakini jina la zamani likishavuliwa halitajwi. Ukilitaja unaita mkosi urudi, na nuksi nayo haina masikio ya kuchagua. Muai mwenyewe alikuwepo sokoni siku muuza samaki alipojisahau akaita, "Chuap! Njoo uone kolekole hawa!" Niam aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akatema mate chini mara tatu.

"Huyo keshakufa!" alisema. "Mwanangu anaitwa Krit."

Miezi minne baadaye mshipa ulirudi. Saa nane mchana Krit aliingia dukani, kiganja shavuni, na karatasi ya daktari wa zahanati moja ya binafsi. Mama yake alikuwa nyuma yake. Muai akasoma karatasi. Vidonge vyeupe vya mshipa.

"Una mzio wa dawa yoyote?" Muai aliuliza.

"Sina, dada," Krit alisema, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Wala hakuwa anadanganya. Aliyekuwa na mzio alikuwa Chuap, na Chuap keshakufa. Muai alifungua daftari. Hakukuwa na Thanakrit humo. Jina la Chuap likampanda mpaka kwenye ncha ya ulimi, akalihisi pale, na akainua macho akakutana na macho ya Niam. Ingekuwa kumkosea adabu mama wa watu mbele ya mwanawe. Ingekuwa kumrudishia kijana mkosi kwa mdomo wake mwenyewe. Akajiambia: labda si dawa ileile, labda nimemchanganya na mwingine, na huyo daktari wa zahanati bila shaka alimuuliza. Binadamu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Alilimeza jina, akahesabu vidonge, akatia kwenye mfuko.

Krit alikufa siku ya kumi na tisa, katika chumba ambacho wauguzi waliingia wamejifunika mpaka macho, ngozi inamtoka kama mtu aliyeunguzwa kwa maji. Mazishini Niam aliwaambia watu kwamba jina lilibadilishwa kwa kuchelewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hapa kifo hakikumuumbua mtu. Hakuna aliyemlaumu Muai. Hakuna aliyemuuliza. Siku ya arobaini, saa nane mchana, alisikia harufu ya mpira mbichi.

Alifanya aliloweza. Kila mwaka alipeleka chakula kwa watawa, akamimina maji taratibu kwenye bakuli la shaba huku wakisoma dua, akatuma thawabu kwa marehemu Thanakrit. Kisha alirudi dukani, na saa nane ikifika Thanakrit anasimama palepale, anasubiri.

Phum, mtoto wa mdogo wake, alisomea vinasaba ng'ambo akarudi na kampuni. Haikuwa kampuni kubwa: chumba kimoja huko Hat Yai, mashine mbili, watu sita na madeni. Lakini walichokitafuta kilimfanya Muai ashindwe kula siku alipoelezwa.

"Ni kitu cha kuzaliwa nacho, Mama Mkubwa," Phum alisema. "Watu wetu wa huku wanacho wengi. Ukiwa nacho, vidonge vile vya mshipa vinaweza kukuua. Usipokuwa nacho, unameza kama pipi. Sisi tunapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, tunasoma, tunajua kabla. Kabla, Mama Mkubwa! Siyo baada."

"Ndani ya shavu," Muai alisema.

"Hata damu hatutoi."

Aliuza duka. Jengo la baba yake, ghorofa mbili, kabati za mbao za mninga, kila kitu, akaweka milioni nne za baht kwenye hisa za kampuni ya Phum na kuhamia chumba cha nyuma nyumbani kwa mdogo wake. Kwenye mgahawa wa asubuhi, ambako wazee wa mji hunywa kahawa nzito na kula nguruwe wa kuchoma hata kabla jua halijapanda, habari ilifika kabla yake.

"Dada Muai!" Heng alimpokea. Alikuwa mnunuzi wa mpira, rafiki yake wa miaka mingi, mdomo haumtulii. "Nasikia umenunua mate ya watu."

"Nimenunua hisa."

"Hisa za mate. Mimi ningekuuzia ya kwangu kwa bei poa, tena yana harufu ya kahawa."

"Yako Heng hata mashine ingekataa."

Meza nzima ikacheka. Kisha Heng akainamisha kichwa karibu. "Lakini kweli, dada. Ardhi inapanda, dhahabu inapanda. Kampuni za hivi kumi zikianzishwa, tisa zinakufa. Uzeeni utakula nini? Unatafuta nini huko?"

Muai alikoroga kahawa ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alitaka kusema: nataka aache kunijia. Akasema, "Faida."

Ukweli ni kwamba hakuamini mkosi uko kwenye jengo. Aliamini fedha ikienda mahali pa kuzuia kifo kama kile, deni lingehesabiwa limelipwa. Alihama Jumamosi. Jumatatu saa nane mchana, kwenye chumba cha nyuma chenye kitanda na feni, harufu ya mpira iliingia dirishani, na shati la bluu likasimama kando ya kabati la nguo. Muai alilia siku ile kwa hasira, maana alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho.

Ndipo alipoanza kumsumbua Phum. Alizisoma karatasi za kampuni kama alivyokuwa akisoma karatasi za madaktari, kalamu mkononi. Vijiti vilikuwa ghali bado. Wangeanza na wale ambao wao au ndugu zao wa damu walishadhurika na dawa. Kulikuwa na fomu ya kuwachuja.

"Fomu haiulizi majina ya zamani," Muai alisema.

"Haina haja. Namba ya kitambulisho haibadiliki hata mtu abadili jina mara saba. Tunafuata namba."

"Namba haijibu swali, Phum. Anayejibu ni mtu. Ukimuuliza kama kuna aliyedhurika, atakwambia hakuna, na moyoni mwake ni kweli hakuna."

"Basi Mama Mkubwa unataka niwaulize wanakijiji majina waliyoyatupa? Watanitemea mate!"

"Watakutemea. Utajifuta."

Phum alikuna kichwa. Alimpenda mama mkubwa huyu kuliko alivyompenda mama yake mwenyewe, na zaidi ya hapo, milioni nne ni milioni nne. Swali liliongezwa mwisho wa fomu. Lakini alimsihi jambo moja: siku ya majaribio, kwenye ukumbi wa hekalu la kijiji cha mtoni, wangekuja wawekezaji wawili kutoka Bangkok kuona watu wanavyoipokea kampuni. Wakiridhika, kampuni itapona. Wakiona ugomvi, wataondoka, na fedha za Mama Mkubwa zitaondoka nao. "Ukae tu uwape watu maji ya kunywa," alisema. "Tafadhali."

Ukumbi ulijaa. Kila aliyejaza fomu alipewa mchele kilo tano na chupa ya mafuta, na wanakijiji si wajinga. Vijiti vilikuwa mia mbili, vimepangwa kwenye boksi jeupe. Watu wa Bangkok walikaa nyuma na viatu vyao safi. Mpaka chakula cha mchana kilipoliwa, swali la mwisho la fomu lilikuwa tupu kwenye karatasi zote. Phum alimtazama mama yake mkubwa kwa mbali, akainua mabega kwa upole. Muai aliendelea kugawa maji.

Ndipo harufu ya mpira ilipomfikia. Hakujua kama ni yeye, maana nusu ya ukumbi walikuwa wagema. Alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa nane kasoro dakika chache, na kwenye meza ya Phum alikuwa ameketi Niam.

Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimelishika shavu. Muai aliisogelea meza, jagi la maji mkononi.

"Kuna mtu wa damu yako aliyewahi kudhurika na dawa, bibi?" Phum aliuliza.

"Hakuna."

"Na kuna jina la zamani, lako au la mtu wa nyumbani kwako?"

"Hakuna. Na wewe mjukuu wangu ukome kuuliza watu wasiokuwepo. Mchele uko wapi?"

Phum alicheka kidogo akapiga alama mbili. "Utaupata bibi. Kwa vijiti itabidi usubiri awamu nyingine, leo tunaanza na wenye shida."

"Mimi sina shida na vijiti vyako."

"Dada Niam," Muai alisema. "Una nini shavuni?"

Niam aligeuka, akamtambua. "Ah, mwenye duka. Mshipa tu. Umenianza tangu mvua za kwanza." Akagonga kikapu chake. "Nimepewa dawa zahanati asubuhi. Naanza jioni nikishakula."

Muai aliutazama mfuko ndani ya kikapu. Hakuhitaji kusoma. Alivijua vidonge vile kwa umbo.

"Usivimeze," alisema.

"Kwa nini?"

"Subiri upimwe kwanza."

"Kijana kasema sipimwi leo. Na shavu linauma leo. Kwa nini nisimeze?"

"Kwa umri wako..."

"Umri wangu daktari kauona. Wewe duka huna tena, unataka nini na dawa zangu?" Niam akatundika kikapu begani na kushika mfuko wa mchele.

Jina likampanda Muai mpaka kwenye ncha ya ulimi, palepale lilipokuwa limekaa miaka kumi na mmoja. Aliwaona watu wa Bangkok wameinua vichwa. Alimwona Phum anamtikisia kichwa, anamsihi. Nyuma ya Niam hakuona mtu, lakini harufu ilikuwa kali mpaka macho yakamwasha.

"Kwa sababu ya Chuap," alisema.

Mstari wote wa watu uligeuka. Niam aliweka mchele chini. Akatema mate sakafuni mara moja, mara ya pili. Ya tatu haikutoka.

"Simjui huyo."

"Prachuap. Mwanao. Vidonge hivihivi vilimchubua midomo mara ya kwanza. Ulikuja kwangu kununua mafuta ya kumpaka, nikaandika jina lake na jina la dawa. Niliandika kwa mkono huu."

"Uliandika," Niam alisema.

"Niliandika."

"Na siku ile tulipokuja na karatasi..." Alikuwa akihesabu kitu kichwani polepole, midomo inacheza. "Siku ile ulikuwa unajua."

"Nilikumbuka. Jina lilikuwa mdomoni. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, nikakuogopa. Nikanyamaza."

Muai alisubiri kofi. Alilitaka. Jagi lilikuwa likimwagia maji miguuni mwake na hakulihisi. Nyuma ya ukumbi kiti kilikokotwa; mmoja wa wale wa Bangkok alikuwa anafunga begi lake. Phum alikuwa ameufunika uso kwa mikono miwili.

Niam alirudi akakaa kwenye kiti taratibu, kama mtu anayeketi majini bila kujua kina.

"Kadi niliichoma mimi," alisema. "Ile ya manjano. Aliniambia, mama, tuiache hata kabatini. Nikasema, ikiwa na jina lile humu ndani haikai. Nikaitia jikoni chini ya sufuria ya wali." Alipangusa pua kwa ukosi wa blauzi. "Huwa anakuja kwako?"

Muai aliitikia kwa kichwa.

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Kwangu alfajiri, saa aliyokuwa akitoka kwenda kugema. Anasimama mlangoni. Namwambia Krit ingia mwanangu, Krit kula. Namwambia kila siku. Hageuki hata. Nikasema labda amenikasirikia." Akamtazama Muai, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na ukali machoni mwake. "Wewe unamwitaje?"

"Thanakrit. Kwenye dua zote."

Wakatazamana wale wanawake wawili. Kisha Niam akautoa mfuko wa vidonge kikapuni, akausukuma mpaka katikati ya meza, mbali na mkono wake. Akamgonga Phum begani.

"Ondoa mikono usoni, mjukuu. Shika kalamu. Swali lako la mwisho lilikuwa lipi?"

"La... la jina la zamani, bibi."

"Andika Prachuap." Akagonga karatasi kwa kidole. "Na uandike Chuap pembeni. Ndilo alilokuwa akiitika."

Phum aliandika. Kisha akachukua kijiti kutoka kwenye boksi, na Niam akafumbua mdomo.